Aliyesubiri Kuitwa Mateka

Watu wengi hupenda kuitwa kwa majina ya heshima. Baba mkubwa Bartholomayo wa Lupaso alikaa miaka akitamani kuitwa mateka, tena si na kila mtu, ila na Mngoni mmoja tu aliyeitwa Nikolao. Sisi wengine tulimwita Baba Ethel, kwa jina la binti yake, na aliitika vizuri na kutuuliza habari za nyumbani. Lakini mimi niliyeolewa nyumba ya pili nilimjua. Jioni akisikia hatua za mgeni barabarani aliacha kikapu alichokuwa akisuka, akainua shingo, akatazama mpaka mgeni apite. Kisha alirudi kwenye kikapu chake, na hapo kazi ilikwenda polepole zaidi kuliko mwanzo.

Alikuwa Myao, mume wa mama mkubwa Mabel, ambaye ni dada wa mama yangu. Wazee wake walibatizwa misheni Masasi, na hao hao ndio waliovamiwa na Wangoni enzi zile, nyumba zikachomwa, watu wakachukuliwa. Vita viliisha, ukabaki utani. Mngoni akikutana na Myao humwita mateka wake. Myao naye humwambia babu yako aliiba mbuzi wetu akamla mbichi kwa kuogopa kuwasha moto. Wanatukanana mpaka wanashika mbavu, hakuna anayeruhusiwa kununa, na mmoja akifa mwenzake lazima aje kwenye kilio kumwigiza marehemu na kumcheka mbele ya wafiwa. Ndivyo tulivyolelewa, na sioni tulichoharibikiwa.

Baba mkubwa alimpata Nikolao kwenye kazi ya mabomba. Miaka ile Waingereza walikuwa hawajaondoka, na maji yalikuwa yanapandishwa kwenda Newala juu, maana wanawake wa huko walishuka bondeni alfajiri na kurudi jua kali, mtungi mmoja kichwani, na mtungi wenyewe ukivunjika njiani ni kukaa chini ulie. Kampuni moja ya mabomba kutoka mbali ilichukua kazi, ikaandika vibarua. Mabomba ya chuma yalivutwa mlimani kwa kamba, na watu walipangwa wawili wawili, mmoja avute, mwenzake asogeze vigingi vya kuzuia bomba lisirudi nyuma. Baba mkubwa na Nikolao wakapangwa pamoja.

Nasikia kazi ya sehemu ile ilikwenda kwa matusi yao. Nikolao akivuta alipiga kelele kwamba hajawahi kuona mateka mzito wa mikono namna hii, na laiti babu yake angejua angeteka mbuzi akaacha watu. Baba mkubwa alimjibu kwamba Mngoni ana nguvu za kukimbia tu. Kundi zima lilicheka na kusahau jua. Mwisho wa juma baba mkubwa alikuja naye Lupaso, na mama mkubwa alimpikia, na Nikolao alikula huku akilalamika kwamba mateka wake wanamwekea chumvi nyingi wamuue. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na akicheka alipiga goti lake kwa kiganja. Sijapata kumwona baba mkubwa na furaha ile tena, hata siku Ethel alipozaliwa, na mama mkubwa mwenyewe alilisema hilo bila wivu.

Mwezi wa Novemba kigingi kimoja kiling'oka. Bomba likarudi nyuma, likampitia baba mkubwa mguu wa kushoto chini ya goti. Wenzao walikuwa juu kwenye kona, hawakuona. Nikolao peke yake ndiye aliyeona. Akalisukuma bomba sijui kwa nguvu gani, akambeba mwenzake hadi pembeni ya shamba la watu, akamlaza kwenye kivuli cha mkorosho, akakimbia kumwita msimamizi. Msimamizi alipofika alimkuta mtu amelala chini ya mkorosho, mguu umevunjika, na mabibo yaliyoiva yametapakaa pande zote, kwa sababu ulikuwa msimu wake. Akasema hivyo hivyo alipoulizwa. Simlaumu sana, alisema alichokiona.

Sasa kampuni ile ilikuwa imewakatia bima vibarua wake. Maana yake ni kwamba aliyeumia kazini alipwe fidia na watu wa bima, na watu wa bima nao kazi yao kubwa ni kutafuta nani hakuumia kazini. Wakamtuma Mzungu mmoja kijana, mwenye soksi ndefu na Kiswahili alichojifunzia Nairobi. Alifika hospitalini baba mkubwa akiwa amefungwa plasta. Akamsikiliza vizuri, akaandika habari ya bomba na kigingi, na mpaka hapo mambo yalikuwa sawa.

Ndipo Nikolao akaingia kumtazama mgonjwa. Mama mkubwa alikuwa amemwona nje dakika chache kabla, ameegemea ukuta, analia na kujifuta kwa mkono wa shati. Lakini mtani haingii na machozi kwa mtani wake. Alinawa uso kwenye bomba la nje, akavuta pumzi, akaingia wodini kwa mbwembwe. Mzungu aliposikia kwamba huyu ndiye shahidi akafurahi, akamuuliza mbele ya wagonjwa wote, huyu mtu aliumiaje?

“Bomba gani limguse huyu?” Nikolao akasema. “Alipanda mkorosho wa watu kuiba mabibo, pombe ya uraka imemjaa kichwani. Tawi likamchoka, likamtupa. Mimi nilikuwa chini namwangalia.”

Wodi nzima ikaangua kicheko. Baba mkubwa alicheka mpaka akashika plasta kwa maumivu, na utani ukimjia mtu hawezi kuuacha hewani, sharti aujibu. Akasema kweli aliiba, na akipona atarudi kuiba mengine. Mzungu akatabasamu, akaandika, akashukuru, akapanda gari lake. Wote walidhani naye amecheka nao.

Barua ilipokuja ilisema fidia hakuna. Huyu mtu alianguka kutoka mtini akiwa amelewa, akiiba, na amekiri mwenyewe mbele ya watu. Msimamizi alimkuta chini ya mti, shahidi alimwona juu ya mti. Mama mkubwa aliposomewa aliuliza kama ni utani pia, akaambiwa hapana. Mimi nilitukana, na sitarudia hapa nilichosema kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya watu wa kanisa.

Baba mkubwa hakukubali. Shauri likapelekwa Newala, mbele ya hakimu Mzungu, mtu mzima, mpole. Tulikwenda kwa lori, mimi nimebeba chakula, baba mkubwa na fimbo yake, mguu umeunga vibaya na kufupika. Kwa fidia ile alitaka cherehani ajifunze kushona, kwa sababu jembe lilikuwa limekwisha kumshinda. Lakini njia nzima hakuzungumza habari ya cherehani. Alizungumza habari ya Nikolao, ambaye tangu ile barua hakuonekana Lupaso, na jinsi atakavyomtukana wakionana. Alikuwa amejiandalia maneno, akayajaribu kwetu ndani ya lori, na watu wakacheka.

Nikolao alikuja na koti la kuazima. Hakututazama. Alipoitwa alieleza yote kama yalivyokuwa, kigingi, bomba, kivuli cha mkorosho, na akasema maneno ya hospitalini yalikuwa utani. Wakili wa bima akamuuliza kwa upole sana, siku ile ulidanganya na leo unasema kweli, au siku ile ulisema kweli na leo unamsaidia rafiki yako? Nikolao akasema tena kwamba ulikuwa utani. Wakili akauliza kama ni kawaida ya watu wa huku kumsingizia wizi rafiki aliyevunjika mguu. Mzee mmoja wa baraza aliyekaa pembeni akasema ndiyo, ni kawaida. Watu wakacheka kidogo, na hata hakimu akacheka.

Nadhani hakimu alitaka kumsaidia. Alisema amesikia habari za desturi hiyo lakini hajaiona kwa macho. Kama ni kweli hawa ni watani, basi Nikolao amtanie Bartholomayo pale pale, mahakama isikie yenyewe, na hakuna atakayehesabiwa kosa.

Nikolao akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza amtazame baba mkubwa tangu aingie. Aliutazama uso, akaitazama fimbo, akautazama mguu, macho yakabaki pale pale mguuni. Baba mkubwa akaanza kumchokoza amsaidie, akamwambia sema basi wewe mla mbuzi, ulimi umeuacha Songea? Akatabasamu, akangoja. Nilimwona anavyongoja, amejiinua nusu kwenye benchi na fimbo yake, kama mtu anayesubiri kupokea mzigo.

“Siwezi, Bwana,” Nikolao akamwambia hakimu. “Namhurumia.”

Shauri likaishia hapo. Hakimu alisema hakuonyeshwa desturi yoyote, na kwamba shahidi mmoja mwenye habari mbili hawezi kumsaidia mdai. Fidia hakuna. Lakini nakwambia, baba mkubwa hakusikia hukumu. Alikuwa bado anamtazama Nikolao. Baadaye alisema bomba lilimvunja mguu, na mguu mtu anao wa pili, lakini siku ya kuhurumiwa na mtani wake aliona kweli amekuwa kilema.

Nje, chini ya ngazi za boma, Nikolao alimjia akiwa amevua kofia. Akampa mikono miwili, akasema samahani, Baba Ethel. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Baba mkubwa aliushika mkono wake akamwambia usiwe mjinga, twende tukale, huyu binti amebeba ugali wa kutosha Wangoni wote. Nikolao akashukuru vizuri, akasema ameshiba. Aliacha kazi ya mabomba juma lile lile akarudi kwao upande wa Songea.

Baba mkubwa akajifunza kusuka vikapu vya mianzi. Vilikuwa vizuri, watu wa Lukuledi hadi Mnyambe walivinunua kwa ajili ya korosho. Mama mkubwa na Ethel walilima, mimi nilisaidia nilipoweza, na hakuna aliyelala njaa. Maji yalifika Newala, na aliposikia alifurahi kweli, akasema angalau wale wanawake wamepumzika. Mtu angepita akatuona angesema wale hawana shida.

Shida yake ilikuwa moja. Wangoni walipita sana barabara ile, wakienda kutafuta kazi pwani, na wakijua mwenye nyumba ni Myao waliingia kwa haki yao. Walimwita mateka, walidai kuku, mmoja alikaa juu ya kikapu kipya akakivunja makusudi. Baba mkubwa aliwajibu kama inavyopasa, na walicheka wakaondoka. Lakini kila mmoja alimuuliza kama anamfahamu Nikolao, mrefu, mwenye mwanya. Wengine walimfahamu. Ndipo akaanza kutuma ujumbe. Mwambieni babu yake alikimbia Masasi bila nguo. Mwambieni mateka wake nimechoka kukaa bure, aje anitume kazi. Mwambieni mbuzi wetu wanamuulizia. Aliyatunga kwa siku nyingi na kuyasema polepole ili mjumbe asisahau neno.

Jibu likirudi, lilikuwa salamu. Nikolao anasalimu sana, anawaombea heri na Mama Ethel, anauliza mguu unaendeleaje. Baba mkubwa alisikiliza salamu hizo na kichwa ameinamisha. Siku moja alisema amezichoka, ni salamu za padri. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwanangu, nimemkosa yule mtu. Nakaa hapa namsikia anavyopiga goti lake.” Nikaendelea kuchambua mboga.

Basi mwaka mmoja kabla ya uhuru akatuma ujumbe wa mwisho. Mngoni mmoja alikuwa anarudi kwao, baba mkubwa akamshika mkono pembeni ya njia, wakanong'ona, Mngoni akacheka mpaka akakaa chini. Mama mkubwa alimbana amwambie amesema nini. Akamwambia, bila aibu yoyote, kwamba amemtuma akaseme Bartholomayo wa Lupaso amekufa.

Nilimwona mama mkubwa amekasirika mara chache maishani, na hiyo ni moja. Alisema huo ni uchuro, kifo hakiitwi, na mtu aliyesoma katekisimu anaona haya. Mimi pia nilikasirika, tena nilimwambia kwamba ameshapoteza fidia kwa mzaha mmoja, sasa anatafuta kupoteza na uhai kwa mwingine. Alitusikiliza wote wawili. Kisha alisema mtani aweza kukataa ugali na aweza kukataa salamu, lakini kilio cha mtani wake hawezi kukikataa. Akija, atakuwa hana budi kumcheka. “Mimi nataka nimsikie,” akasema, “hata kama ni lazima nife kidogo.”

Zikapita wiki. Alikuwa hakai tena nje. Alisukia vikapu ndani, karibu na mlango, ili mtu akija asimwone. Tulipomwambia Nikolao hatakuja alisema sawa, na hakutoka.

Alikuja mchana, wakati mama mkubwa amekaa kwenye mkeka anabangua korosho na mimi nimekaa naye. Tuliona mtu mrefu amesimama mwisho wa uwanja, nywele zimeingia mvi, kitambaa cheupe cha sanda kimekunjwa begani. Alikuwa amechelewa mazishi, kwa mawazo yake, akakileta hata hivyo. Mama mkubwa alipomtambua alijifunika uso kwa khanga. Sijui kama ni kicheko au kilio, nadhani vyote. Lakini Nikolao aliona mjane amejifunika uso, na akaamini.

Alibaki amesimama pale muda. Niliogopa kwamba atakuja kutupa pole kwa mikono miwili na kusema samahani, na kwamba yule aliye nyuma ya mlango atayasikia hayo. Nilitaka kupiga ukelele kumwambia ukweli. Kisha aliweka sanda juu ya jiwe, akavuta pumzi kama mama mkubwa alivyomwona akivuta siku ile hospitalini.

“Yuko wapi mateka wangu?” akasema kwa sauti kubwa, na sauti ikakatika katikati, akaianza upya. “Nani amempa ruhusa ya kufa? Nimemaliza kumtuma?”

Akaanza kuuzunguka uwanja akichechemea. Alikuwa baba mkubwa mwenyewe, bega lilivyoshuka, fimbo ilivyotangulia. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta. Alifika katikati, akapanda mkorosho usiokuwepo. Alikumbatia shina, akainua mguu, akachuma bibo, akalila, akajifuta utomvu kidevuni, akachuma la pili akalitia mfukoni, huku akitazama kushoto na kulia kama mwenye shamba anakuja. Kile alichoshindwa kumwonyesha hakimu Newala alitufanyia chote sisi wanawake wawili na kuku. Kisha tawi likamchoka. Akajitupa chini mavumbini, akalala, ameshika mguu wa kulia, akawa sasa analia kweli na hakuna kuigiza tena.

Mlango ukalia. Baba mkubwa alitoka na fimbo yake, kikapu kisichokwisha bado mkononi, akachechemea mpaka aliposimama juu yake.

“Umekosea,” akamwambia. “Niliumia mguu wa kushoto. Na wewe ndiye uliyekuwa chini umeshika kikapu cha mabibo.”

Nikolao alimtazama kutoka chini. Nilihesabu moyoni kwamba sasa atakimbia, au atakasirika, na angekuwa na haki. Badala yake alikaa, akakung'uta vumbi kwenye mikono, akamtazama tena kuanzia kwenye fimbo mpaka usoni.

“Mateka,” akasema, “hata kufa umeshindwa.”

Baba mkubwa alifungua mdomo ajibu. Miaka yote ile ya kutunga maneno, na siku yenyewe hakupata hata moja. Alishuka chini kwa shida, akakaa mavumbini karibu naye, akaweka mkono wake kwenye goti la yule mtu na kuuacha pale. Nikolao akauliza kwa ukali kuku wa kilio yuko wapi, maana ametoka mbali na hatarudi bila haki yake, maiti awe amekufa au hakufa. Mama mkubwa akafunua uso, akajifuta, akaenda kumkamata kuku.